Muziki Uliofunga Maduka ya Wandegeya

Old Kampala, Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zetu zikukute mzima huko Nairobi. Babu yako amepata meno mapya, ila anayavaa wakija wageni tu.

Unauliza, ukitangaza muziki wa okestra redioni, nani atakusikiliza? Nimefungua shajara yangu nikasoma juu ya kipindi changu cha kwanza, vita vya hapa Uganda vilipokuwa vimetoka kwisha. Niliajiriwa kuweka santuri tu, bila kusema neno. Nikaweka moja ya okestra, yenye ngoma na tarumbeta.

Nilisahau kwamba kwetu, redio ikiacha kusema na kupiga muziki mzito, watu hujua serikali imepinduliwa.

Mkubwa wangu akaingia mbio. "Wewe dada, nani amechukua nchi?"

"Hakuna, bwana. Ni Mjerumani mmoja tu."

"Mjerumani amerudi? Wandegeya duka zote zimefunga! Toa hiyo kitu, sema na watu, ama kipindi kimekufa leo!"

Nikaitoa. Kwa sauti ya mbuzi aliyeona kisu, nikasema: "Wasikilizaji, serikali ipo. Ule ulikuwa muziki. Fungueni maduka."

Jioni muuza magodoro wa Wandegeya akanifuata hadi redioni. "Ni wewe umenikimbiza na godoro kichwani?"

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

"Hiyo nimesamehe. Lakini ule muziki umeukata katikati. Unaishaje?"

Wiki iliyofuata niliupiga mzima kwa ajili yake. Kwanza nilieleza aliyeutunga ni nani, na kwamba hakuwa na jeshi. Nawe, mwanangu, ukitangaza, zungumza na msikilizaji mmoja kama huyo.

Bibi yako,
Nuru