Hendeli Chini ya Kitanda

Jumatatu, 12 Mei 1997

Rangi imebanduka tena! Chumba cha pili, ukuta wote wa dirishani. Optatus, fundi wangu, anasema kuta hizi zimekula unga tangu enzi za mkoloni, sasa zinautapika. Nimemwambia apake tena, hadithi baadaye.

Watu wa Bunge wanakuja wiki ijayo kukagua vyumba. Wakivikubali, wageni wa kikao cha bajeti watalala kwangu. Wasipovikubali — sitaki kuandika. Kiinua mgongo changu chote kimeishia humu. Ofisini walishanipunguza, hawatanirudisha.

Na Baba bado anasaga nafaka za watu pale mbele.

Tulikubaliana. Mvua zikiisha, mashine inang'olewa, pale panakuwa mapokezi. Mvua zimeisha. Nikimkumbusha ananiuliza kama nimekula.

Alhamisi, 15 Mei

Mgao wa umeme. Mashine za mjini zote zimelala, ya Baba ni ya dizeli — basi Dodoma nzima iko barazani kwangu! Madebe ya mtama yamepanga foleni mpaka kwenye maua yangu. Unga umeingia chumba cha kwanza. Shuka ni nyeupe, hauonekani, lakini lala uone utakavyojikuna.

Tabu kaja kutundika mapazia aliyonishonea. Ya kijani, marinda yamelala sawasawa. Mama yake kalazwa hospitali ya Mvumi, hali si nzuri. Nikampa pole. Halafu nikamwambia pazia la kushoto limepanda kidogo.

Wanawake wa foleni wanasema "gesti ya Mzee Khamisi", kwa jina la Baba. Si gesti! Hoteli!

Jumapili, 18 Mei

Nimegombana na Baba. Nimemwomba siku moja tu, Alhamisi ya ukaguzi, asiwashe injini. Akasema sawa, ila mtama wa msiba ukija atasaga. Ndiyo desturi ya mashine hii: mwenye msiba hapangi foleni wala hatoi senti. Hata ilipokuwa ya ushirika waliiheshimu, seuze yeye aliyeinunua. Nikasema waende kwingine. Wapi, akauliza, na umeme haupo? Nikasema hakuna atakayekufa Alhamisi makusudi ili anikomoe mimi. Akasema, mwanangu, kifo hakipigi hodi. Kisha akauliza kama nimekula.

Jumatano, 21 Mei

Nimeiba hendeli.

Injini ile haiwaki bila hendeli, lazima uizungushe kwa mkono mpaka ikohoe. Baba alipokwenda kuswali alasiri nikaitoa kwenye msumari wake, nikaifunga kwa khanga kuukuu, nikaisukuma chini ya kitanda, chumba cha kwanza. Mtu mzima, naiba chuma! Nitairudisha wakishaondoka. Siku moja tu. Nimefagia baraza mara mbili, bado situlii.

Alhamisi, 22 Mei

Mama yake Tabu amefariki. Optatus kaniambia asubuhi. Maiti inatoka Mvumi leo. Nimelia kidogo, kisha nikaenda kupiga pasi blauzi.

Mkaguzi kaja, Bi. Anjelina, peke yake. Kila chumba anaitikia "veri naisi". Kakaa kitandani chumba cha kwanza kujaribu godoro — juu ya hendeli! Kilichompendeza zaidi ni utulivu, anasema gesti za mjini ni kelele tupu. Akayashika mapazia. Nani kashona? Anataka kama hayo nyumbani kwake Area D. Nikasema ni fundi wangu. Sikusema leo yuko kwenye nini.

Nikamkaribisha chai uani. Akasema akimaliza atanipa jibu.

Hapo ndipo walipokuja. Ruthu, jirani yake Tabu, mbele, na wanawake wengine nyuma, khanga viunoni, mtama wa msiba vichwani. Hawasemi kwa sauti. Wametua madebe barazani. Umeme haupo tangu jana.

Baba kaenda kwenye injini. Nilimwona kupitia dirisha. Kagusa msumari. Kaangalia chini ya magunia, nyuma ya pipa. Halafu akaacha kutafuta. Akarudi barazani, akawaambia wamsamehe, hendeli kaiweka mahali kasahau, uzee huu. Akakaa nao.

Baba hajawahi kusahau kitu. Hata upande wangu hakuangalia.

Nimemwambia Bi. Anjelina nakwenda kuleta sukari. Niko sakafuni chumba cha kwanza, hendeli mapajani, naandika sijui kwa nini. Nzito! Blauzi imeshashika grisi, haitatoka. Naona aibu, na naogopa. Akisikia injini ataondoka, najua.

Bi. Anjelina ananiita kutoka uani. Bi. Hamida, sukari vipi?

Barazani Ruthu anamuuliza Baba kama waende zao tu. Baba anamwambia hapana, kaeni, hendeli inakuja.