Sanduku Nililolipaka Dhahabu

Mwanangu Imogen,

Natumaini umerudi Loughborough salama. Huku Yorkshire mvua haijakatika, na mbwa wako hajambo.

Siku moja kabla ya fainali yako ya mbio nililipaka sanduku jekundu la kutumbukizia barua la kijiji chetu rangi ya dhahabu, kama yanavyopakwa masanduku ya kwao washindi wa dhahabu wa Olimpiki. Ulipomaliza wa saba, nikabwata baa nzima ikinisikia: "Wakimbiaji wetu Waingereza, mzunguko wa mwisho ukifika, wanageuka konokono."

Mama yako akaniwekea mkebe wa rangi nyekundu mezani. "Kafute aibu yako, shemeji. Mwanangu hana ya kufuta."

Nimepaka mara tatu, na dhahabu bado inachungulia. Barua hii nimeitembeza kwa miguu hadi sanduku la kijiji cha pili.

Baba yako mdogo,
Clive