Akija Nitajua

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, na tumbo la Mama limetulia. Mimi sijambo. Hapa mafunzoni sote ni wakuu wa wodi, tumezoea kuamrisha, basi hata bombani hakuna anayekubali kuwa wa pili. Mwalimu wetu ni muuguzi mstaafu. Siku ya kwanza alisema uongozi wa vitabuni tunao tayari. Yeye atatufundisha ule wa kwetu: kusalimu kwanza, kukaa na ndugu wa mgonjwa, kufanya shauri pamoja nao. Niliona haya. Mimi ndugu wa wagonjwa huwatoa wodini kwa kengele.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo ni uleule. Mama amelazwa, tena wodini kwako, kitanda cha dirishani. Anawasahihisha wauguzi wako kutandika shuka, nao wanamwita Bosi. Kanituma niandike kwamba ni homa tu. Hayo nimeandika. Sasa yangu: daktari anasema uvimbe umefika kwenye ini, na upasuaji hautasaidia. Mama hajaambiwa, lakini si mtoto. Nilipotaja kukuita alinishika mkono akasema, "Asije. Akija nitajua nakufa."

Baba yako

25 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimesoma nikalia, hata hali yako sijaiulizia inavyopasa, niwie radhi. Nimefunga sanduku. Mwalimu hakunizuia wala hakunihimiza. Alisema jambo kama hili haliamuliwi na mtu mmoja, wenye mgonjwa wakae washauriane. Basi kaeni, wewe na Shangazi. Mtakalosema nitalifuata. Nimemwandikia msaidizi wangu awaache mkae na Mama hata kengele ikishalia.

Binti yako

1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tumekaa. Shangazi alitaka uje mara moja. Mimi nikasema tuheshimu neno la Mama, na langu likapita. Maliza mafunzo. Msaidizi wako ametuletea viti, Mungu ambariki. Mama ananywa uji kidogo.

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Mgongo waendeleaje? Tangu tumzike Mama nakuandikia, nawe kimya.

Shangazi ameniambia. Jioni ile ya mwisho Mama aliniulizia, ukamjibu kwamba niko njiani. Sikuwa njiani, nilikuwa darasani. Sasa naelewa kwa nini makaburini hukunitazama usoni.

Baba, wewe uliulizwa, ukasema uliloona jema. Mimi nilisoma barua yako, nikarudisha nguo kabatini kwa mikono yangu, na kwa siri nilishukuru kwamba sitamwona akifa. Shauri lilikuwa letu sote. Usijifungie ndani na uchungu wake kana kwamba ni wako peke yako.

Leo nimerudi kazini. Kwenye kitanda cha dirishani amelala mama mwingine. Nimemsalimu, nikavuta kiti nikakaa, nikinyoosha shuka iliyokwisha nyooka. Akaniuliza, "Nesi, umefiwa?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanisogezea mkono.

Jumamosi nakuja. Huna haja ya kuandika. Nifungulie mlango tu.

Binti yako