Nguo za Wifi Zilizobana

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumai u mzima na kazi ya huko inakwenda. Mimi afya ninayo, raha ndiyo sina. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua na bado anagombana na redio. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu nimeiogopa.

Nimesikia umemwambia wifi afungashe virago. Mama anasema ulitumiwa ule ujumbe wa kundi la mtaa, wa mwalimu anayepanuliwa nguo huku mume yuko safarini, ukamwuliza mimba ni ya nani, kisha ukakata simu. Huku nako wazazi wanawahamisha watoto darasani kwake. Muuza dawa wa mtaani anasingiziwa kuwa ndiye baba, na dukani kwake siku hizi anapiga soga na nzi.

Jana wifi alikuja kwenye chumba changu cha kushonea, akaketi juu ya mabaki ya vitambaa. Akaniambia si mimba, ni uvimbe tumboni, na wiki ijayo anapasuliwa. Alikuficha usije ukaacha kazi ukarudi mbio. Aliomba nimshonee gauni pana la kuvaa hospitalini, akauliza ni nani anaweza kumchukia hivyo. Nikamjibu kwamba walimwengu hawana dogo.

Kaka, walimwengu ni mimi. Nilimpanulia magauni mara mbili, nikajiona fundi ambaye futi yake haidanganyi. Kumwuliza niliona aibu, kumsema sikuona. Nikaandika kwa laini yangu ya pili, bila jina, kama utani. Watu wakacheka, wakataka zaidi, na mimi ambaye hata salamu wananinyima nikaona nimekuwa mtu. Nikaongeza chumvi. La muuza dawa nalo ni langu. Maneno yalipoanza kumuumiza wifi ningeweza kukanusha, lakini nilikaa kusoma vicheko. Najichukia, kaka.

Leo jioni nitamwambia wifi mwenyewe, kisha nitaandika kwenye kundi kwa jina langu. Akinifukuza, gauni lake nitalishona vilevile.

Mama anakusalimu sana. Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho, ikufikie mapema. Mimi usinijibu, hasira zako zitanikuta hapahapa. Mpigie mkeo. Hospitalini walimwuliza ni nani aitwe likitokea lolote, na baada ya yote uliyomwambia, bado amekutaja wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi