Mgongo Uliojifunzia Kukanda

Baba Zuhura,

Sianzi na "mpendwa". Neno hilo lina mwenyewe sasa huko Hale, nami sina tabia ya kudokoa chungu cha mtu. Naanza na jina la mtoto, maana ndilo pekee tulilobaki nalo wawili.

Zuhura amerudi jana, likizo imeisha. Amenenepa, kwa hilo nashukuru. Nilikuwa nachambua maharage, nikainuka nimejishika kiuno kama kawaida yangu, naye akaja nyuma yangu akasema, "Mama, piga magoti nikukande. Baba anamkanda mama mdogo hivi." Akaweka viganja chini kabisa ya mgongo, akaegemea. Palepale panapouma. Mtoto wa darasa la kwanza, na hakukosea.

Basi nikukumbushe ulijifunzia wapi.

Mimba ya Zuhura ilipokuwa kubwa, kugeuka kitandani kulinitoa machozi. Maumivu yalishuka kutoka takoni mpaka kisiginoni kama nimekanyaga waya wa umeme. Mama yako alisema mimba ndivyo zilivyo, nivumilie. Wewe ndiye uliyekataa. "Haiwezekani mtu alie kwa kugeuka tu," ulisema, ukanitoa Kwamsisi mpaka hospitali Korogwe, na njia nzima ulinishikia mto mgongoni ndani ya gari.

Yule daktari wa mazoezi, mama mfupi asiye na haraka, alinipigisha magoti mkekani, viganja chini, niupandishe mgongo kisha niulegeze polepole. Akanifundisha kulala ubavu na mto katikati ya magoti. Akanifunga kanga chini ya tumbo, ikabana nyonga pande zote. Nikasimama, nikatembea, nikacheka peke yangu. Kisha akauliza, "Nyumbani yupo nani wa kukusaidia?"

Ukaitwa ndani. Ulivua viatu utadhani unaingia msikitini. Akaushika mkono wako wenye sugu za jembe akauweka mgongoni kwangu. "Hapa, siyo juu. Egemea na kiganja, vidole viache. Na wewe mama, vuta pumzi, usikaze mabega."

"Kumbe ni kama kukanda unga," ulisema.

"Unga hausemi. Huyu atasema, umsikilize."

Na ulinisikiliza. Kila baada ya magharibi ulitandika mkeka mwenyewe, na nilipata usingizi. Katika ndoa yetu yote sikukupenda kama nilivyokupenda siku zile. Nasema wazi, sina cha kuficha tena.

Kisha kaka yako akaja kuazima jembe, akatukuta, maana mlango ulikuwa wazi. Kesho yake kijiweni wakakupa jina. "Mkunga, leo unazalisha wapi?" Ulirudi nikiwa nimeshapiga magoti nakusubiri. Ukasimama mlangoni ukasema, "Wanawake wote wanazaa. Mimi si mkunga wako." Ukasubiri niinuke, ukaukunja mkeka.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kanga niliweza kujifunga, mazoezi niliweza kujifanyia, lakini mtu hawezi kujikanda mgongo. Nilijiegemeza ukutani na nguo niliyoiviringisha, huku ndoo za maji zikinisubiri, na wewe uko kijiweni unawathibitishia watu kuwa ni mwanaume. Nilijifungua salama, alhamdulillahi, ila nyonga ya kulia haikurudi kama zamani. Nikaanza kuchechemea. Nawe ukaanza kutembea mbele yangu kila tulipokwenda harusini. Talaka aliniletea kaka yako yuleyule, na lile jembe hajalirudisha mpaka leo.

Miaka yote hii nimekutetea moyoni. Nilisema ni maneno ya watu, Wazigua hatujazoea mambo hayo, yangemshinda yeyote. Jana nikamuuliza Zuhura, kama mtu asiye na shida na jibu, baba anamkanda mama mdogo chumbani? Akasema, "Hapana, barazani. Watu wakipita anawasalimia."

Kumbe aibu hukuwa nayo. Mimi nilikuwa kitambaa cha kujifunzia kushona, gauni anavaa mwingine. Inaniuma, Baba Zuhura. Inaniuma kuliko nyonga.

Mkeo simchukii, na aliye tumboni hana kosa. Mkande mpaka ajifungue, usimwache njiani hata wakupe jina gani. Akikuuliza ulijifunza kwa nani, usiishie kumtaja daktari wa Korogwe. Mwambie na mgongo ulikuwa wa nani.

Magharibi imeshapita. Zuhura ametandika mkeka, ananiita. Viganja vyake ni vidogo, havina uzito wa kutosha, na nimeshamwambia akichoka aache. Anasema hajachoka.

Mama Zuhura,
Kwamsisi