Jinsi Tuba Ilivyofika Hopedale

Nain, Labrador
Jumamosi, 9 Machi

Kaka yangu mpendwa Renatus,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu Jumapili iliyopita kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama ana mafua kidogo lakini anaimba, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Baba ni mzima kupita kiasi, na utaelewa sababu ukiendelea kusoma. Mimi nimepata alama tisini na moja katika hesabu. Nalisema mapema nisije nikalisahau, maana nina mengi. Masomo yako ya injini yanaendeleaje? Mama anauliza kama unakula samaki, au kama watu wa St. John's wanaishi kwa viazi vya kukaanga tu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ipo jikoni, na jikoni kwetu hakuna siri. Nataka kukueleza safari ya Hopedale tangu mwanzo. Najua umeshaisikia kwa baba, lakini baba alikusimulia huku akicheka, akaruka mambo mengi. Tena kuna jambo moja ambalo asingeweza kukueleza kwa sababu halijui. Nitalisema mahali pake. Tafadhali usifunue kurasa za mwisho kulitafuta.

Unakumbuka yaliyompata baba mwaka jana, ingawa hukuwepo. Bendi ilikuwa inakwenda kupiga kwenye sikukuu ya kanisa la Hopedale, na pikipiki yetu ya zamani ya theluji ikafa juu ya barafu ya bahari, kabla hata visiwa havijapotea nyuma yao. Wenzake walikuwa na mizigo yao, hawakuweza kumvuta. Baba akabaki ameketi juu ya sleji ya kukokotea mizigo, tuba, lile baragumu lake kubwa la shaba, imefungwa blanketi pembeni yake, mpaka mtu aliyekuwa akirudi Nain alipomkokota nyumbani. Hopedale walipigiwa nyimbo zote bila sauti nzito ya chini.

Wiki iliyofuata Mzee Gustav alikuja kama kiongozi wa bendi. Alikunywa vikombe viwili vya chai kwanza. Kisha akasema kwa heshima kwamba tuba ni mali ya kanisa, si ya mtu, na kwamba labda mwaka ujao ingefaa ikae kwa mwenye mashine ya kuaminika. Baba alijibu neno moja tu, sawa. Mama ndiye aliyeweka kikombe chini. Alimwambia Mzee Gustav kwamba tuba hiyo imelala chini ya dari hii miaka ishirini na miwili na yeye ameshazoea kukoroma kwake, kwa hiyo asubiri kwanza meli ilete mashine mpya. Kama mashine hiyo haitafika Hopedale, basi aje kuichukua tuba, na yeye mama mwenyewe atamfungia. Mzee Gustav akakubali. Siku ile baba aliisugua tuba kwa kitambaa mpaka giza likaingia, kama mtu anayemtayarisha binti wa kuolewa mbali.

Sasa ikawa kazi ya kuchagua. Wewe unajua ugumu wake kuliko mimi. Huku mashine huja na meli ya kabla ya bahari kuganda, na huwezi kuijaribu wala kuirudisha. Ukikosea, umekosea mpaka barafu iyeyuke. Na baba anataka mashine moja iende njia mbili: njia ngumu ya barafu, na theluji laini ya mabondeni tunakokata kuni, ambako mtu akishuka anazama mpaka kiunoni. Kila mtu alikuwa na ushauri. Mjomba Jako alikuja na picha yake ya mashine ya milimani inayoruka hewani, akasema, "Shemeji, nunua kama yangu. Hii haikanyagi theluji, inaibusu." Mama akamuuliza kama mabusu hayo ndiyo yanayomchelewesha kila Jumapili.

Baba hakumsikiliza yeyote. Alisema atakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiwe unayesoma mambo ya injini. Ukamjibu kwa barua ya kurasa mbili. Baba alifurahi sana, ukweli nausema, aliitembeza barua hiyo mfukoni mpaka ikachakaa. Siku ya mwisho ya kupeleka maagizo dukani, mwishoni mwa Juni, alikuwa anaondoka na mashua kwenda kuvua. Alinipa fomu yenye sahihi yake, akanipa na barua yako, akaniambia nijaze kama Renatus alivyosema kisha nimkabidhi Bi Hulda wa dukani. Nikaenda.

Mashine ilishuka melini Novemba. Wanaume wote walikuwapo gatini. Sanduku lilipofunguliwa, Mjomba Jako aliizunguka mara mbili, nyeusi na pana jinsi ilivyo, akasema kwa sauti kwamba Renatus amemtumia baba yake jiko la kanisa. Watu walicheka sana. Baba naye alicheka, akasema jiko halijawahi kumkosea mtu wakati wa baridi. Lakini njiani kurudi nyumbani aligeuka mara mbili kutazama gati, na mimi nilihesabu hatua zangu.

Tuliondoka Nain mwezi uliopita, mashine tatu: ya Mzee Gustav (ile nyembamba nyepesi ya njia ngumu), ya Mjomba Jako, na yetu. Kila moja ilivuta sleji, na kwenye ya Mzee Gustav aliketi mwanafunzi wake wa muziki. Mimi niliketi kwenye sanduku la sleji yetu, tarumbeta langu dogo ndani ya koti na tuba mapajani. Upepo ulikuwa umefagia barafu ikabaki tupu kama sahani iliyolambwa. Unajua maana yake. Injini kama ya Mjomba hupozwa kwa theluji ambayo mkanda wake wa chini, ule wa kukanyagia, unairusha nyuma, na barafu tupu haina cha kurushwa. Hatukufika mbali ikaanza kutoa mvuke. Alisimama, akatafuta kirundo cha theluji, akaipaka mashine kwa koleo kama anayepaka ukuta chokaa, akaenda kidogo, akasimama tena. Mara ya nne baba alimpita polepole, akamwita, "Shemeji, chai imeiva?" Mjomba akapiga kelele kwamba aje na kikombe chake, asitake vya bure.

Kwa hiyo barafu tuliivuka, lakini mimi sikufurahi bado, maana nilijua shingo ya nchi inakuja, pale njia inapoacha bahari na kupanda katikati ya vilima. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili na hakuna aliyepita. Njia haikuonekana kabisa. Tulichemsha chai, tukala mkate na samaki wa kukaushwa, na kila mtu akatafuna polepole kuliko kawaida. Kisha Mzee Gustav akasema kiongozi hutangulia, akaingia kwa mbio. Alikwenda labda urefu wa kanisa letu. Mashine yake ikazama mpaka kwenye usukani, na yeye akasimama, theluji ikimfika kiunoni, kofia imelala upande mmoja, akatutangazia kwa utulivu kwamba anadhani njia iko kushoto kidogo.

Mjomba Jako angeweza kupita pale kwa mashine yake, ni haki nimpe sifa hiyo. Lakini Mjomba alikuwa bado nyuma kwenye barafu na koleo lake.

Baba aliifungua sleji, akaniambia nishike tuba vizuri, akatia gia ile ya polepole. Kaka, sijui nikuelezeje. Haikuruka wala haikunguruma. Ilipanda juu ya theluji kama mtu mzito anayepanda kitandani bila kutaka kumwamsha mwenzake. Ilizama kidogo, ikajiinua, ikaendelea, ikapotea juu ya kilima. Tulibaki tukisikiliza. Mlio ulififia ukawa kama wa nzi, nikafikiri umezimika, na nikaikumbatia tuba ile mpaka kidevu kikaniuma kwa baridi ya shaba. Kisha mlio ukakua tena. Baba alirudi kwa njia aliyoichonga mwenyewe, ndevu zake nyeupe kwa theluji, akiwa anaimba sehemu ya tuba ya wimbo wa kwanza: bum, bum, bum.

Alimvuta Mzee Gustav kutoka shimoni kwa kamba. Akaenda na kurudi mara tatu mpaka njia ikawa ngumu ya kupitisha wote, hata Mjomba Jako, aliyefika mwishoni akauliza kwa unyenyekevu kama kuna nafasi nyuma ya jiko. Mzee Gustav alichoka, akaketi nami kwenye sanduku, na mwanafunzi wake akaendesha mashine yake. Tulipokuwa juu ya kilima alimwita baba kwa nguvu, "Jeremias! Ile habari ya tuba, naona tuiache." Baba hakugeuka. Ikabidi Mzee Gustav aiseme mara ya pili, kwa sauti zaidi, wote tukasikia. Baba ameniambia baadaye kwamba alisikia tangu mara ya kwanza.

Asubuhi ya sikukuu tulipiga nje ya kanisa la Hopedale. Baridi iligandisha vidude vya kubonyeza vya matarumbeta, tukawa tunavipuliza na kuyaficha kwapani. Lakini tuba ilinguruma, na vikongwe wa Hopedale waliitikia kwa vichwa kama wanaomsalimu mtu waliyemkosa mwaka mzima. Baadaye wanaume walikuja kuizunguka mashine yetu, wakainama chini kutazama mkanda, wakauliza nani aliyeichagua. Baba alisema, "Renatus wangu." Alilisema mara nyingi sana siku hiyo. Mjomba Jako naye akasema wewe una macho yanayoona kutoka St. John's. Na Jumapili iliyopita kwenye simu, baba alipokushukuru, nilikusikia ukijibu, "Si niliwaambia?"

Kaka, hukutuambia. Hapa ndipo mahali pake.

Wewe uliandika mashine ya ukurasa wa kumi na mbili wa kile kitabu cha picha na bei za mashine, ile ya milimani yenye mkanda wenye meno marefu na injini inayopozwa kama ya Mjomba. Mimi kwenye fomu niliandika ya ukurasa wa kumi na tisa. Kisha nikakificha kitabu hicho chini ya godoro langu pamoja na barua yako, ili baba asilinganishe, na vipo huko mpaka leo.

Sikukurupuka. Majira ya baridi yaliyotangulia Mwalimu Dorkas alitutaka tukusanye hesabu za jambo la nyumbani, nami nikaandika kila safari ya baba. Alikwenda siku arobaini na moja kwenye barafu na njia ngumu, na siku kumi na tisa kwenye theluji laini. Nikachukua futi ya mama ya kushonea, nikapima mikanda ya mashine zote zilizoegeshwa nje ya kanisa, nikauliza ipi huzama na ipi huchemka. Wanaume waliniuliza kama naishonea mashine suruali, lakini walijibu, maana wanapenda kuulizwa. Nikaona kwamba baba anahitaji injini inayopozwa na feni yake yenyewe, isiyoiomba barafu kitu. Mkanda uwe mpana na mrefu ili usizame, lakini meno yake yawe ya nusu kidole ili usichoke kwenye njia ngumu. Na gia ya polepole ya kuvutia mzigo. Nilikusudia kumwonyesha baba, lakini barua yako ilipofika alifurahi mno, nikaogopa. Siku ile dukani mashua yake ilikuwa imeshaondoka. Nilisimama mbele ya Bi Hulda mpaka akaniambia niandike, kalamu haitaniuma. Nikaandika.

Kuchagua sikujutii. Najutia kunyamaza, na kutumia sahihi ya baba kuandika neno lisilo lake wala lako. Kama mashine ile ingezama pale shingoni, tuba ingekwenda kwa mtu mwingine na lawama ingekuwa yako. Hilo lilinitesa tangu Juni kuliko kitu chochote. Naomba unisamehe.

Najua utauliza kwa nini nasema leo. Jana baba alinipa karatasi akaniambia nikuandikie, ili umchagulie injini mpya ya mashua kabla meli ya kiangazi haijaja. Nilikaa na karatasi hiyo, mkono ukakataa. Hivyo nimeamua. Barua hii itapanda ndege Jumatatu, na Jumatatu hiyo hiyo baada ya chakula nitamwambia baba na mama, daftari langu likiwa mezani. Nimeanza na wewe kwa kuwa sifa hizi mpaka sasa ni zako, na si vizuri mtu anyang'anywe kitu chake bila kuambiwa. Baba anaweza kukasirika. Usipige simu kuniokoa.

Ombi langu ni moja. Baba atakuuliza kuhusu injini ya mashua. Kama unaona nilichagua vizuri, mwambie, "Mwulize Sybilla." Kama huoni hivyo, chagua wewe, nami nitaandika kwenye fomu kile utakachosema, mpaka tarakimu ya mwisho.

Mama anakusalimu na anakutumia soksi, zimo kwenye kifurushi hiki pamoja na samaki. Mjomba Jako anakusalimu pia na anasema ukipata injini inayokunywa barafu umtumie. Vaa kofia unapotoka. Mungu akutunze mpaka utakaporudi.

Mimi dada yako akupendaye,
Sybilla