Tangazo la Sabuni Litakaloanza Jumatatu

Mpendwa dada,

Salamu nyingi zikufikie wewe na watoto. Sisi huku ni wazima, ila mimi usingizi umenipaa tangu Jumatano. Mkono wako je, umeunga vizuri? Barua hii nimempa shangazi akutie mkononi, maana simu yako najua inasomwa kabla hujaishika.

Kazi yangu unaijua. Miaka minne naandika matangazo ya mama anayecheka na beseni la nguo, mama anayecheka na sufuria, na baba anayerudi jioni, ananusa, anaridhika. Wewe mwenyewe ulinitania kwamba kwenye redio yetu hakuna mwanamume aliyewahi kufua hata soksi zake. Sasa imeletwa sabuni mpya ya unga, bosi akataka kisa cha kuchekesha cha mke anayeogopa doa kwenye shati la mumewe. Nilipandwa na hasira. Nikasema mbele ya kikao kizima kwamba kuna nyumba ambamo doa moja linamvunja mtu mkono. Wakataka mfano, nikawapa wako. Jina sikutaja, lakini shati la bluu nililitaja, na maneno ya shemeji nikayatoa yote, kwamba kama hata shati limekushinda, yeye utamweza wapi.

Nilidhani watanyamaza. Waliangua kicheko. Bosi akasema sijawahi kuleta maneno matamu kama hayo, akayatia kwenye tangazo vilevile yalivyo, ila mwisho mke ananunua sabuni, shati linatakata, mume anamsifu. Nilipopinga akaniuliza kama nimechoka kazi. Nikanywea.

Dada, sijamaliza. Siku ya kurekodi, mwigizaji wa sauti ya mke hakutokea. Bosi akaniambia niingie mimi, nami nikaingia. Sauti zetu unazijua, mama mwenyewe hutuchanganya kwenye simu. Nimemwomba mume msamaha kwa sauti yako, na niliomba vizuri mno, Mungu anisamehe.

Litaanza kupigwa Jumatatu, kila baada ya taarifa ya habari. Pale gereji kwa shemeji redio haizimwi kutwa. Atasikia maneno yake, halafu atakusikia wewe, mbele ya mafundi wake wote. Naogopa, dada. Kila nikifumba macho namwona anafunga gereji mapema.

Jumapili akishaenda kutazama mpira, toka na watoto pamoja na shangazi. Usifungashe mabegi, beba vyeti vya watoto tu. Chumba changu kina kitanda kimoja, tutabanana. Ukifika nitukane utakavyo, nitakaa kimya, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Wabusu watoto. Hapa chini nimezoea kumsalimia shemeji. Safari hii usimpe salamu zangu, asijue kama nimeandika. Ukimaliza kusoma, mrudishie shangazi barua hii papo hapo, isilale humo ndani.

Ni mimi mdogo wako, nitakayesimama mlangoni Jumapili tangu saa nane.